Jiwe Zuri Kupita Kiasi

Mara ya kwanza Asger Bundgaard kuniangusha ilikuwa mwaka 1981, kwenye mtihani wa leseni ya udereva. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na niliendesha vizuri hivi kwamba mama yangu, aliyekuwa akinisubiri nje ya kituo, alikwisha kununua keki. Asger alikuwa mtahini kijana, masharubu yake bado yanahesabika. Aliniambia nisimamishe gari kando ya kanisa, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akasema, "Umeendesha vizuri kupita kiasi. Rudi baada ya mwezi." Ile keki tuliila kwa hasira.

Mara ya pili ilikuwa Juni ya mwaka jana, na safari hii aliangusha mawe yangu.

Ngoja niyaeleze mawe hayo mwenyewe, maana nikiwaachia wengine watayaeleza vibaya. Mimi ni Vibeke Skovgaard, fundi wa meno ya bandia. Kwa miaka thelathini na minne nimewatengenezea meno watu wa Djursland, rasi yetu hii, na si majivuno nikisema kwamba nusu ya watu wanaocheka huku kwetu wanacheka kwa kazi ya mikono yangu. Basi ni majivuno, lakini ni kweli. Kisha zikaja mashine. Siku hizi daktari anaingiza kamera mdomoni mwa mgonjwa, na mashine huko mjini inachonga jino kabla kahawa haijapoa. Karakana ikafungwa nikiwa na miaka hamsini na saba. Nilirudi nyumbani na sanduku la zana, makreti sita ya nakala za plasta za vinywa vya watu, na mikono miwili isiyo na kazi. Miezi ya kwanza nilikuwa nalia mbele ya sinki la jikoni, na sioni haja ya kuificha.

Aliyenitoa hapo ni binti yangu Maren. Maren ana miaka thelathini na mmoja. Siku za wiki ni nesi katika nyumba ya wazee, na wikendi mbili kwa mwaka ni kapteni wa ngome. Ngome yenyewe ni ya mbao, iko msituni pembeni ya mashamba, na huko watu wazima kama mia mbili, wenye kazi zao na akili zao timamu, huvaa ngozi na vyuma, nusu wakawa mashujaa na nusu mazimwi, wakapigana kwa panga za sponji kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Cheka ukitaka. Hata mimi nilicheka, mpaka siku Maren aliponibwagia upanga uliochanika juu ya meza ya jikoni.

"Mama, mikono yako inaoza," alisema. "Hebu nitengenezee huu."

Nikautengeneza. Baadaye wakaja wenye mashoka, wenye nyundo, wenye pembe na mikia. Katika mwaka wa tatu hakukuwa na zimwi hata moja Djursland ambalo halijapita jikoni kwangu. Lakini kulikuwa na aibu moja iliyokuwa ikinikera kila nikiiona: mawe. Mazimwi huizingira ngome kwa mawe, na mawe yao yalikuwa soksi zilizojazwa matambara na kupakwa rangi ya kijivu. Maren alikuwa akisimama juu ya ukuta, kofia ya chuma kichwani, anapaza sauti, "Jamani, tunashambuliwa na nguo za kufua!"

Nikasema mwaka huu basi.

Huku kwetu ardhi huzaa mawe. Kila majira ya kuchipua, baada ya kulima, wakulima huokota mawe yaliyopanda juu wakati wa baridi na kuyarundika pembeni. Nilikwenda kwa Holger, mwenye shamba linalopakana na ule msitu, nikapita kwenye rundo lake kama mtu anayechagua mananasi sokoni. Nilichukua tisa yenye sura. Nikiwa jikoni niliyapaka silikoni kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, nikayafunika kwa ganda la plasta, nikasubiri ikauke. Ukishabandua unabaki na kalibu, shimo laini linalokumbuka kila ufa na kila kipele cha lile jiwe. Kazi hii naijua kuliko ninavyojua kusali. Kalibu ya jiwe na kalibu ya fizi ni ndugu, ila jiwe halikuombi maji ya kusukutua.

Ndani ya kalibu unamimina vimiminika viwili ulivyovikoroga pamoja kwa kuhesabu hadi ishirini, unafunga kifuniko haraka, unakaza mkanda. Humo ndani sponji inaumuka kama unga uliotiwa hamira kwa mkono usio na huruma. Baada ya robo saa unafungua, unatoa jiwe jeupe lenye kunesa. Nililivisha ngozi nyembamba ya mpira, nikalipaka kijivu cha aina tatu, nikalinyunyizia madoa meusi kwa mswaki, nikalichovya ukoga wa manjano upande wa kaskazini, kwa sababu huku ukoga huota upande wa kaskazini na mimi si fundi wa kulipua kazi. Likawa jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto, lenye uzito wa mayai mawili.

La kwanza nililiweka nje mlangoni. Mbwa wa jirani akaja, akalinusa, akalikojolea. Sijawahi kupata cheti kizuri kuliko hicho.

Hadi Juni nilikuwa na mia na ishirini. Nilitaka kitu kimoja tu: yapite ukaguzi, yaingie vitani, na watu wajue kwamba mikono ya Vibeke haijastaafu.

Na mkaguzi, kwa bahati yangu, alikuwa nani? Asger Bundgaard. Alipostaafu kuangusha madereva, alikosa la kufanya kama mimi, akaomba kazi ya usalama katika mchezo wetu. Ijumaa mchana hukaa kwenye kijimeza pale kwenye maegesho, na mbele yake kuna roli ya utepe mwekundu. Silaha iliyofungwa utepe huo hairuhusiwi kuonekana mpaka Jumapili jioni. Na kwetu kuna desturi: anayepigwa kwanza kwa silaha ni fundi aliyeitengeneza. Kama umetengeneza rungu, simama upigwe rungu lako. Ukilia, limeanguka.

Nikasimama, mikono nyuma. Watu wakakusanyika na vikombe vyao vya kahawa.

"Uko tayari, Bi Vibeke?" aliuliza Asger.

"Tupa, Bwana Mtahini. Usinionee huruma."

La kwanza lilinipiga begani. La pili tumboni. La tatu alilivurumisha kwa nguvu zote likanipiga katikati ya paji la uso, likadunda, likaangukia kwenye kahawa ya mtu. Mazimwi wakapiga makofi. Nilicheka kwa sauti, nikafungua mikono yangu kama mtu anayepokea zawadi.

Asger aliokota jiwe moja, akaligeuza. Alienda pembeni ya maegesho kwenye ukuta wa zamani wa mawe, akaliweka chini kati ya mawe mengine manne, akarudi nyuma hatua tano. Aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akarudi mezani, akashika roli ya utepe mwekundu.

"Haya hayapiti," alisema.

"Nini?"

"Ni mazuri kupita kiasi."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Miaka arobaini na minne imepita na mtu huyu bado ana sentensi moja tu kinywani, tena kinywa chenye meno niliyomtengenezea mimi!

"Asger, sema unachoogopa," nilimwambia. "Unaogopa mtu ataokota jiwe la kweli akalirusha? Jiwe la kweli lina kilo tatu. Mkono unajua kabla ya jicho. Hata zimwi lililolewa litajua."

"Sijui ninachoogopa," alisema. "Ninajua tu kwamba nikiwa hatua tano siwezi kuyatofautisha. Na kitu nisichoweza kukitofautisha sikiruhusu kwenye barabara yangu."

"Hii si barabara, mzee!" akapiga kelele mmoja wa mazimwi.

"Tupige kura," akasema mwingine, na hilo likamaliza kila kitu, maana huku kwetu hata kuku wakizozana huitiwa mkutano. Wakaleta chupa ya kahawa na sinia la keki za mdalasini, kila mtu akasema lake. Mimi nilisema machache. Nilisema chema chajiuza, wayaangalie wenyewe. Wakayaangalia, wakayabonyeza, wakarushiana, wakarukaruka juu yake kama watoto. Mikono ikainuliwa. Dhidi yangu ilikuwa mikono sita, na mmoja wao ulikuwa wa mtu aliyekuwa akijikuna.

Asger aliuweka utepe mfukoni. "Kura si breki," alisema, wala hakupandisha sauti. Akaniandikia kibali.

Maren alinikumbatia huku kofia yake ya chuma ikinigonga kidevu. "Mama, unajua nitakufaje kesho?"

Kwa sisi wa mchezo huu, swali hilo ni la kawaida. Kufa vizuri ni sanaa, na Maren ni bingwa wake. Kila mwaka kwenye shambulio la mwisho hupigwa akiwa juu ya ukuta, huyumba, hutoa laana, halafu huanguka kinyumenyume ndani ya ua kutoka urefu wa mtu mzima, akapokelewa na marobota ya majani makavu. Watu huja kutoka mbali kumwona Maren akifa.

"Mwaka huu sitaki majani," alisema. "Yanawasha. Nitayasogeza mawe yako chini ya ukuta niangukie hapo. Fikiria, Mama! Watu waone mifupa yangu ikigonga mawe, kumbe sponji."

"Kitakuwa kifo kizuri," nilisema, na moyo wangu ulijaa fahari hadi ukaniuma.

Jumamosi vita vilianza baada ya chakula cha mchana. Mimi nilikuwa ndani ya ua wa ngome, mng'oaji wa meno wa kapteni, na kigoda changu na koleo la sponji refu kama mkono. Ua wetu umezungukwa na mbao pande tatu, na upande wa nne ni ule ukuta wa zamani wa mawe, ambao sheria hairuhusu kuuvunja wala kuusogeza. Sehemu yake ilikuwa imebomoka wakati wa baridi. Kwa hiyo Holger alikuwa ameleta trela la mawe ili autengeneze wiki inayofuata, akayamwaga pembeni kulia mwa ngazi ya kupandia ukuta wa mbao. Kushoto mwa ngazi Maren alikuwa amerundika mawe yangu sitini. Sitini yaliyobaki walikuwa nayo mazimwi huko nje.

Asubuhi nilikuwa najua vizuri. Kulia la Holger, kushoto langu.

Halafu mawe yakaanza kuruka juu ya ukuta, na jamani, ilikuwa raha! Wageni waliokuja kutazama walijikunyata kila jiwe lilipopita. Kijana mmoja shujaa alipigwa kichwani na akasahau kuwa halikumuuma, akazimia kwa heshima. Mawe yalidunda, yakatapakaa uani, walinzi wakawa wanayasukuma kando kwa miguu wasije wakajikwaa. Wengine waliyachukua wakawarudishia mazimwi. Mmoja alihamisha ngazi ili apande upande ule mwingine. Nami niko kwenye kigoda changu, namng'oa zimwi mateka jino la gego, nacheka peke yangu. Nilijisemea, Asger, uko wapi uone.

Alikuwa nyuma yangu, mlangoni, na fulana yake ya manjano ya usalama, mikono kifuani.

Saa kumi tarumbeta ikalia. Shambulio la mwisho. Maren alisimama juu ya ukuta, mgongo kwetu, upanga juu. Jiwe likampiga kifuani. Akayumba. Ua mzima ukanyamaza ili kumsikia akilaani.

"Laana iwe juu ya vizazi vyenu!" alipiga kelele. "Maziwa yenu yachache, na watoto wenu wasijue kuimba!"

Akarudi nyuma hatua moja. Kisigino kikatoka nje ya ubao. Chini yake palikuwa na rundo la mawe.

Nikalitazama lile rundo. Nilitafuta ngazi ili nijue kulia na kushoto, na ngazi haikuwa mahali pake. Nikatazama rundo la pili. Kijivu cha aina tatu. Madoa meusi. Ukoga wa manjano upande wa kaskazini. Mimi niliyeyapaka yote kwa mkono wangu, moja baada ya jingine, nilitazama marundo mawili kwa hatua kumi tu na sikujua lipi ni langu.

Sikujua. Mwanangu yuko hewani nusu, na mimi sikujua.

"SIMAMA!"

Kuna neno moja katika mchezo wetu ambalo likitamkwa kila mtu hugeuka sanamu palepale. Ni la mifupa iliyovunjika na moto. Katika miaka yangu yote sikuwahi kulisikia, na sasa lilikuwa limetoka kwenye koo langu, tena kwa sauti niliyokuwa nikimwitia Maren alipokuwa na miaka mitatu na anakimbilia barabarani. Ni sauti hiyo iliyomfikia. Alishika mbao kwa mkono mmoja, akaning'inia, akajivuta, akakaa juu ya ukuta akitweta.

Watu mia mbili waligeuka sanamu. Huko nje zimwi moja lilikuwa limesimama na mguu mmoja juu.

Nikatembea hadi kwenye rundo. Nikaokota jiwe la juu. Lilikuwa jepesi kama mayai mawili.

"Sponji!" mtu akasema, na kicheko kikaanza kupanda.

"Mama!" Maren alikuwa mwekundu hadi shingoni. "Mama, umeniharibia kifo changu!"

Nikaokota la pili. Sponji. Kicheko kikawa kikubwa, hata mazimwi walioko nje waliochungulia kwenye nyufa wakajiunga. Nikaingiza mkono katikati ya rundo, hadi kwenye kiwiko. Vidole vyangu vikagusa kitu chenye baridi.

Nilivuta. Hakikuja. Nikapiga magoti, nikakishika kwa mikono miwili, nikakitoa na kukiinua ili wote waone, kisha nikakiachia juu ya mwenzake. Kila mtu uani alisikia mlio wake.

Kicheko kilikatika. Rundo lile lilikuwa la Holger. Walinzi, wakisukuma mawe kwa miguu, walikuwa wamelivisha blanketi jembamba la sponji, kisha wakaendelea na vita.

Maren alishuka polepole, akasimama mbele ya lile rundo, akajishika nyuma ya shingo. Nikamvuta kwangu, kofia na vyuma na vyote, nikamshikilia kwa nguvu mpaka akasema, "Mama, siwezi kupumua."

Nilipogeuka Asger alikuwa amesimama palepale, na uso wake ulikuwa umepoteza damu kama wangu. Nikanyoosha mkono.

"Nipe utepe."

"Vibeke, si lazima leo..."

"Nipe utepe mwekundu, Asger!"

Akanipa. Nilifunga mawe yangu mia na ishirini mwenyewe, moja moja, mbele ya watu walionipigia kura. Baada ya ishirini Maren akaja kunisaidia, kisha mazimwi wakaweka pembe zao chini wakaja nao. Jioni ile vita viliendelea kwa soksi.

Asger alikuja nilipokuwa napakia makasha garini. Alikuwa na kipande cha mkate mweusi chenye maini ya kusaga juu yake, akanipa nusu. Tulikula tumesimama.

"Ulishafikiria kwa nini nilikuangusha mwaka ule?" aliuliza.

"Nimefikiria kwa miaka arobaini na minne. Ni kwa sababu una roho mbaya."

"Hiyo ipo. Lakini ulipita shule, lango liko wazi, watoto wanacheza ndani. Kasi yako ilikuwa halali. Mikono yako ilikuwa mahali pake. Ila uso wako, Vibeke... hukuwa na shaka hata chembe." Akafuta makombo kwenye masharubu. "Leo ulikuwa nayo. Ulisimamisha watu mia mbili kwa sababu hukujua. Leo ungefaulu."

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nikampiga begani, nikaingia garini, nikaendesha kurudi nyumbani taratibu kuliko nilivyowahi kuendesha.

Sasa, asije mtu akadhani hapo nilijikunja na kuanza kutengeneza mawe mabaya. Naomba radhi, hapana. Kufanya kazi mbaya makusudi ni dhambi ambayo sina nia ya kuianza uzeeni. Lile jiwe lilikuwa sahihi mpaka kipele cha mwisho. Kosa lake lilikuwa kwamba halikusema ni la nani. Nilizunguka nyumba wiki tatu nikiwaza. Rangi nyekundu? Ni soksi tu zenye majivuno. Kengele ndani? Holger angesema kondoo wamerudi.

Siku moja nilipanda darini kutafuta brashi, nikajikwaa kwenye makreti yangu ya plasta. Vinywa mia nne vya Djursland vilinitazama. Nikaketi sakafuni nikacheka hadi jirani akagonga dirisha.

Mwaka 1994 mwanafunzi mmoja wa udereva alikanyaga breki ghafla pale kwenye mzunguko, na mtahini wake akaacha meno manne ya juu kwenye dashibodi. Alikuja karakana kwetu amejiziba mdomo kwa leso. Nakala ya kinywa chake ilikuwa kreti la tatu, safu ya pili, na jina lake kwa mwandiko wangu. Niliichukulia alama tisa kwa silikoni, nikakata kidirisha katika kila moja ya kalibu zangu tisa, nikazibandika ndani. Silikoni haishikani na kitu chochote duniani ila silikoni mwenzake, na mwenzake haimwachi kamwe. Nilimimina, nikafunga, nikahesabu, nikafungua. Jiwe lilelile, nyufa zilezile, ukoga uleule. Na katikati yake, safu nzima ya meno ya juu yamejitokeza, nikayapaka meupe, yanacheka. Niliyaweka bustanini nikarudi nyuma hatua tano, kumi, ishirini, hamsini. Hata ukikodoa macho ukungu ukiwa umetanda, unaona kwamba jiwe hilo linakuchekea.

Mchezo wa vuli ni Septemba. Ijumaa Asger alikaa kwenye kijimeza chake, nami nikasimama, mikono nyuma. Aliokota jiwe la kwanza. Akaligeuza. Nikamwona ulimi wake ukipita polepole nyuma ya mdomo wa juu, kutoka kushoto kwenda kulia, ukihesabu.

"Hili jino la pili," alisema, "limepinda kidogo."

"Ndiyo. Nililipinda ili lifanane na lako la zamani. Hukuwahi kuligundua."

"Miaka thelathini na moja!" alisema. Watu walikuwa wanasogea. "Bi Vibeke, siri za mgonjwa hizi."

"Meno hayana jina, Bwana Mtahini. Utayasema mwenyewe au nikusaidie?"

Alilitazama lile jiwe, lile jiwe likamtazama. Kisha akacheka, kwa meno yangu, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia tangu siku ile kando ya kanisa mwaka 1981. Akanitupia la kwanza usoni kwa nguvu zote. Akaweka mhuri.

"Yanapita?"

"Yanapita. Ni mabaya kiasi cha kutosha."

Kesho yake ikawa Jumamosi ya jua kali lisilo la kawaida kwa Septemba. Mazimwi walirusha meno ya Asger juu ya ukuta saa mbili mfululizo, na kila aliyepigwa alilalamika kuwa ameumwa. Ukuta wa Holger ulikuwa umekwisha kutengenezwa, lakini alileta trela jingine la mawe, kwa kuwa nilimwomba. Nililitaka pale. Yakawa marundo mawili tena, kulia na kushoto, na ngazi ikahamishwa mara tatu.

Tarumbeta ikalia. Asger alikuja akasimama kando yangu. Maren alipigwa kifuani, akayumba, akawalaani mazimwi mpaka mababu zao. Kabla ya kurudi nyuma aligeuza kichwa akatazama chini mara moja tu, upande huu, upande ule. Meno mia yalikuwa yanamchekea kutoka kushoto.

Akafungua mikono, akaanguka kinyumenyume.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa. Niliendelea kunywa.